Farasi Anenepe, Mtoto Apungue

Ilikuwepo nchi moja, na mpaka leo ipo pale pale, ila haipendi kutajwa jina mbele za watu. Tuiache hivyo hivyo. Anayeijua ataijua tu.

Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeitwa Mtukufu. Mtukufu alikuwa mtu mwema sana; redio ilisema hivyo kila asubuhi, kabla ya matangazo ya vifo. Siku moja alisafiri kwenda kumsalimia mfalme wa nchi ya mbali, na mfalme yule, kwa kuwa hakujua ampe nini mgeni aliyefika bila kualikwa, akampa farasi. Farasi wa nasaba hasa, wa baba kujulikana na babu kujulikana, mweusi, ngozi inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mtukufu akamwita Fahari, akarudi naye kwa ndege. Mawaziri wawili walibaki huko ugenini wakisubiri ndege nyingine, maana viti vyao alivikalia Fahari.

Farasi wa mbio akishafika lazima zipatikane mbio. Ikaundwa Wizara ya Mbio na Ratiba, yenye Waziri, naibu wake, na naibu wa naibu wa kumshikia mwavuli. Wakaletwa na farasi wengine, wembamba wembamba, wa kushindwa. Likatangazwa Kombe la Taifa na zawadi yake: mpanda farasi atakayeshinda atapata fedha za kujengea nyumba ya matofali na kuezeka bati jipya. Akabaki kutafutwa mtu wa kumpanda Fahari. Na hapo ndipo jambo hili lilipoingia nyumbani kwa Mama Chausiku.

Mama Chausiku alikuwa mjane, muuza vitumbua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Chausiku, binti wa miaka kumi na tisa, mdogo wa umbo, aliyezoea kumpanda punda wa maji bila tandiko, punda mkorofi ambaye wanaume wazima walikuwa wanamkwepa. Watu wa wizara walimwona njiani wakasimamisha gari.

"Huyu hapa," alisema mmoja. "Mwepesi kama mwiko."

Wakaja mpaka uani. Mama Chausiku akawakaribisha, akawapa vitumbua, wakala wakamaliza sahani, ndipo wakasema shida yao.

"Mwanangu hataumia?" mama aliuliza.

"Mama, ataumiaje na zawadi ipo?"

Jibu lile lilimzunguka kichwani hata wao walipokwisha kuondoka. Lakini Chausiku alikuwa anarukaruka uani kwa furaha, ameshika ufagio kama mjeledi, na nyumba yao ilikuwa inavuja. Mama akasema haya, tuone.

* * *

Siku ya mbio uwanja ulijaa pomoni. Kabla ya kukimbia, sharti kupima. Wizara haikuwa na mizani ya farasi, ikachukua ile mizani kubwa ya chama cha ushirika cha korosho kilichokufa zamani, yenye sahani pana ya chuma, ya kupimia mkokoteni mzima na magunia yake. Wakulima waliokuwepo walipoiona waligunaguna. Waliijua. Enzi zake makarani walikuwa wanachomeka kidole cha mguu chini ya sahani, korosho inapungua, mkulima anarudi nyumbani na gunia tupu na mkono mtupu. Mpaka mwaka mmoja wakulima wakagoma, wakalala barabarani, wakapewa kanuni moja. Ikaandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa mizani, na ilikuwa bado inasomeka: KILICHOPANDA MIZANI HAKIGUSWI MPAKA UZITO USOMWE. Katika nchi ile, hicho ndicho kitu pekee ambacho wakulima waliwahi kukishinda.

Mtukufu mwenyewe alishuka jukwaani na brashi, akachora alama nyekundu kwenye uso wa mizani. Farasi na mpanda wake wapimwe pamoja, alisema, na mshale usivuke hapa. Ndiyo haki. Watu wakapiga makofi. Fahari akapanda kwenye sahani na Chausiku mgongoni, mshale ukasimama mbali kabisa na ile alama.

Kisha akasimama Waziri. Aliitwa Mheshimiwa Pazi Lukwambe, mtu mwenye sauti nzuri kuliko kazi zake.

"Ndugu wananchi! Upepo wa leo unavuma kutoka mashariki. Fahari ni mgeni wetu, amezoea upepo wa kwao. Serikali yenu sikivu haiwezi kumkimbiza mgeni katika upepo asioujua. Mbio zinasogezwa mbele!"

Mahali fulani nyuma mtu akapiga mluzi wa dharau, mwingine akaitikia. Waziri alitazama askari, askari wakatazama umati, wakaona umati ni mkubwa. Jasho likamtoka. Na neno likamponyoka hata yeye mwenyewe hakujua limetoka wapi:

"Na zawadi... zawadi inaongezwa mara mbili!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Walirudi majumbani wamefurahi kuliko kama wangeziona hizo mbio, na njia nzima hakuna aliyezungumza habari za farasi.

Waziri Lukwambe hakulala kwa furaha. Alikuwa amegundua kitu ambacho mawaziri wa wizara nyingine zote hawajakigundua: kukimbiza farasi kuna gharama, kuongeza zawadi isiyotolewa hakuna gharama yoyote.

* * *

Basi mbio zikawa zinasogezwa. Mara kwa sababu jua ni kali, mara kwa sababu jua si kali vya kutosha kwa wapiga picha. Mara nyasi za uwanjani zilikuwa na mtazamo wa upinzani. Mara Fahari aliota ndoto mbaya, na daktari wake akathibitisha. Kila zikisogezwa zawadi inapanda. Zikachukuliwa fedha za mishahara ya walimu, zikatiwa kwenye zawadi ili zikue. Zikafuata za dawa za zahanati. Walimu walipouliza, waliambiwa wapige makofi kama wengine, kwani sasa mshahara wao ni sehemu ya kitu kikubwa.

Na Fahari, muda wote huo, alikuwa anakula. Kila ofisa alitaka aonekane anampenda. Walimletea karoti, asali, mayai ya kuchemsha, mkate wa siagi. Katibu mmoja alishushwa cheo kwa kumpa majani ya jana. Fahari akatanuka. Tandiko likaacha kufunga, likaongezwa mkanda, likaongezwa mwingine.

Sasa kuna ile alama nyekundu. Alama ilichorwa kwa mkono wa Mtukufu, nani ataisogeza? Na Fahari ni farasi wa Mtukufu, nani atamnyima chakula? Mtu mmoja kutoka wizarani akaja kwa Mama Chausiku, mpole, ana vidole safi, akaeleza.

"Ni hesabu ndogo tu, mama. Jumla isizidi. Farasi akiongezeka, mpanda farasi atajirekebisha."

"Na mpanda farasi akiongezeka?"

"Hilo ni kosa la jinai."

"Lakini baba, mwanangu ametoka kwenye kula sahani, ameingia kwenye kula kijiko. Atajirekebisha mpaka wapi?"

"Mpaka mbio," akasema yule bwana.

Chausiku alikuwa anaamka asubuhi mama yake anakaanga, anakaa mbali upande wa upepo, ameziba pua kwa ncha ya kanga.

"Mama, ondoa hilo karai, harufu inanitia wazimu."

"Kula kimoja tu mwanangu. Hiki cha ukingoni, kilichoungua, hakina hata uzito."

"Kitumbua kimoja ni kiatu kimoja, mama. Nikila hicho nitapanda peku."

"Si bora uende peku?"

Chausiku alicheka, na alipocheka mama aliona mifupa ya shingo inatembea. "Usiogope bwana. Nikishinda nitakaa hapo, nitakula, nitakula, mpaka wewe mwenyewe uniambie basi."

"Mimi? Utangoja sana. Mimi sitasema basi."

Jirani yao, Bi Tausi, alikuwa anapita kila jioni na habari mpya. Bi Tausi aliweka dau kama mtaa mzima ulivyoweka. Si dau la farasi gani atashinda, hilo lilikwisha kusahaulika. Watu waliwekeana dau juu ya sababu gani itatajwa ya kusogeza mbio.

"Mimi wiki hii nimeweka mafua," alisema. "Nimemsikia Fahari akipiga chafya redioni. Shoga yangu, una bahati wewe! Zawadi imekuwa ndefu, juzi mtangazaji aliishiwa pumzi akiitaja. Ningekuwa na mtoto mwembamba mimi!"

"Unaye binti yako, Mkasi."

"Mkasi wangu anapenda kula." Bi Tausi akashusha pumzi, kama mtu aliyepewa mtoto mwenye kasoro. "Wako ana kipaji."

Mama Chausiku alikuwa anamtazama binti yake akijaribu kuinua ndoo ya maji, ile ile aliyokuwa anaibeba huku anaimba. Aliinua, akaishusha. Akainua tena. Kisha akaketi juu ya mfuniko wake, kama vile alikuwa ametaka kuketi tangu mwanzo.

* * *

Hapo mama akafanya ambalo mama yeyote angelifanya. Chausiku alikuwa anaruhusiwa uji mwepesi, mpaka chini ya kikombe kunaonekana. Mama akaanza kuutia samli, kidogo kidogo, na karanga zilizosagwa mpaka zikapotea. Binti alikunywa akilamba midomo. "Mama, siku hizi uji una ladha." "Ni kuni," mama akajibu. "Nimebadili kuni." Rangi ikaanza kurudi mashavuni mwa mtoto, na mama akalala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Ikafika siku ya kupimwa tena mbele ya watu. Fahari akapandishwa kwenye sahani kwa kusukumwa, Chausiku akapanda juu yake. Mshale ukaanza kwenda. Ukaikaribia alama nyekundu. Ukaigusa. Ukavuka.

Watu wakasogea kwenye kamba kuona vizuri.

Wizara haikukata tamaa mara moja. Kanuni ilisema hakiguswi mpaka usomwe, na msomaji ni Waziri, basi Waziri akajifanya anasafisha miwani, na wakubwa wote wakasimama kimya wakimsubiri Fahari ajisaidie. Naibu alimwimbia polepole. Fahari aliwatazama mmoja mmoja, akajibana. Mwisho Waziri ikambidi asome.

"Hujuma!" alipiga kelele. "Kuna mtu amekula!"

Wakamshusha Chausiku. "Nani amekupa chakula?"

Mama alikuwa kwenye kamba, mstari wa mbele, mikono kifuani. Alifungua mdomo. Na Chausiku, bila kumtazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka huku nyuma: "Hakuna aliyenipa. Niliiba mwenyewe."

Nyuma ya mabanda ya farasi kulikuwa na kontena la chuma lililokaa juani, ambalo wizara ililiita Chumba cha Marekebisho. Wakamvisha koti la plastiki la kumtoa jasho, wakamwingiza, wakafunga. Mama alisikia komeo. Alikimbilia kule, askari wakamzuia kwa bunduki iliyolazwa, kwa adabu, maana alikuwa mzazi wa Mpanda Farasi wa Taifa. Alisimama pale jua likimchoma naye, akipiga bati la kontena kwa kiganja, na kutoka ndani kiganja kingine kilikuwa kinajibu. Mwanzo kwa nguvu. Kisha polepole. Kisha mama alipiga peke yake.

Walipomtoa alikuwa mzima, ila amebaki macho tu. Wakamtia kwenye gari, wakampeleka kambini kwa usalama wake, yaani mbali na uji.

* * *

Mama Chausiku akavaa kanga zake za harusini akaenda wizarani. Alikaa kwenye benchi mpaka benchi likamzoea. Mwisho akaitwa ndani. Waziri Lukwambe alimkaribisha kwa heshima zote, akamwagizia chai.

"Mheshimiwa, nimekuja kumchukua mwanangu. Hatutaki tena zawadi. Apande mwingine."

"Mama yangu mpendwa," alisema Waziri, "huyo mtoto yumo kwenye bajeti. Huwezi kuja kuchukua kitu kilichomo kwenye bajeti, ukakitia kwenye kanga ukaondoka nacho."

"Anakufa, baba."

"Anapungua. Kufa ni jambo la wizara nyingine."

Mama alishika kikombe asikinywe. "Basi kimbizeni hizo mbio ziishe. Toeni zawadi, watu waende kwao. Kwani hiyo fedha iko wapi?"

"Iko kwenye zawadi."

"Na zawadi iko wapi?"

"Iko mbele." Waziri alionyesha dirishani kwa kidole, kule barabara inakopotelea. "Lakini wewe una bahati. Safari hii hazisogezwi. Mfalme aliyetupa Fahari anakuja kumwona akikimbia, na mfalme huwezi kumsogeza. Tutapima, tutakimbia. Na nimesikia vitumbua vyako ni vizuri. Utaleta kapu moja jukwaani kwa ajili ya wageni."

"Na mwanangu akizidi alama siku hiyo?"

"Hatazidi," alisema Waziri, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzuri. "Daktari ameshafikiria."

Mama alirudi kwa miguu. Neno moja ndilo alilolibeba njia nzima: daktari. Daktari wa wizara ile alikuwa wa farasi.

* * *

Siku ya mfalme, Mama Chausiku alikaanga tangu alfajiri. Alitia nazi mpaka tui likawa zito, akatia sukari na iliki, akakaanga kapu likajaa, akakaanga tena. Bi Tausi alikuja kusaidia kufunika.

"Mbona vingi hivi, shoga? Wageni ni wangapi hao?"

"Mwenye njaa ni mmoja," alisema Mama Chausiku.

Uwanjani bendera zilikuwa kila mahali. Mfalme alikuwa jukwaani, mzee mwekundu mwenye kofia kubwa, pembeni ya Mtukufu. Zawadi ilikuwa imeandikwa kwenye ubao, na kwa kuwa tarakimu hazikutosha, ubao mwingine uliunganishwa, na wa tatu ulikuwa unapakwa rangi. Fahari akaletwa. Askari walimvuta kwa mbele, wengine wakasukuma kwa nyuma, tumbo lake linayumba kulia na kushoto, akapandishwa kwenye sahani ya mizani, chuma kikalia. Mfalme akamwuliza Mtukufu kama farasi huyo ana mimba. Mkalimani akatafsiri: mfalme anasifia afya yake.

Kisha Chausiku. Hakuja kwa miguu, alibebwa na askari mmoja mkononi kama mtu anavyobeba koti. Wakamkalisha juu ya Fahari. Mama alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa, kapu kichwani, akaona shati la rangi za taifa limekaa juu ya mtoto wake kama limetundikwa kwenye msumari.

Mshale ukaenda. Ukavuka alama.

"Vueni viatu!" alisema Waziri kwa mnong'ono, huku anatabasamu kwa wageni. Lakini kanuni iko ubavuni pale, hakiguswi, na wakulima walikuwa wamejaa kwenye kamba wanaisoma. Ikabidi Chausiku avue mwenyewe. Vidole vyake vilichelewa kwenye kamba za viatu. Akavua, akaviangusha chini. Mshale ukarudi kidogo, usirudi vya kutosha.

"Hereni." Akavua.

"Nywele." Akarushiwa mkasi. Akazikata mwenyewe, vishungi vikaanguka kwenye shingo ya farasi, akavipeperusha kwa pumzi. Mshale ulikuwa umebaki unene wa kidole kurudi kwenye alama.

Daktari wa farasi akamsogelea Waziri, akasema kwa sauti ya chini, lakini Mama Chausiku alikuwa karibu. "Damu ina uzito, mheshimiwa. Chupa mbili tu. Atajitoboa mwenyewe, mimi nitamrushia sindano na mrija." Akafungua mkoba.

Mama Chausiku hakupiga kelele. Alitembea. Walinzi walimwona mwanamke na kapu la vitumbua vya wageni, wakampisha. Alipita jukwaa, akapita mwavuli wa naibu wa naibu, akafika kwenye mizani, na kabla mtu hajajua anakwenda wapi, akapanda juu ya sahani, na kapu lake.

Mshale ukaruka.

"Shusha huyo!" Waziri alisema.

Askari walikwenda mbio, wakafika kwenye ukingo wa chuma, wakasimama. Maandishi meupe yalikuwa mbele ya magoti yao. Na kutoka kwenye kamba mkulima mmoja mzee akaanza kuyasoma kwa sauti, akaungwa na mwingine, kisha wote: "Kilichopanda mizani! Hakiguswi! Mpaka uzito usomwe!"

"Soma, mheshimiwa!" watu wakapiga kelele.

Waziri alitazama mshale. Akisoma, farasi wa Mtukufu ameondolewa mashindanoni mbele ya mfalme. Asiposoma, hakuna wa kugusa. Akafanya kitu pekee alichokijua duniani.

"Ndugu wananchi! Kusomwa kwa uzito... kunasogezwa mbele! Na zawadi inaongezwa!"

Uwanja ukapiga makofi, kwa mazoea.

Mama alikuwa amekwisha kukata kitumbua cha kwanza. Alimshika binti yake mguu, mguu wote ukaenea kiganjani. "Kula."

"Mama, watakufunga."

"Watanifunga umekula. Fungua mdomo."

Chausiku alitafuna kipande kidogo, akakohoa, akafumba macho. Mama akampa kingine, kidogo vile vile, akamwekea mkono mgongoni, akahesabu pumzi zake. "Polepole. Usimeze kwa pupa, tumbo limesahau. Hivyo. Tena." Fahari alisikia harufu, akageuza shingo yake nene, akatia pua kwenye kapu, akaanza naye.

"We! Wewe umeshiba, toa kichwa!" Mama alimpiga kofi la pua farasi wa Mtukufu, mbele ya Mtukufu. Watu walishika vichwa.

Na mfalme akacheka. Alisimama, akapiga makofi, akamwambia Mtukufu kwamba katika safari zake zote hajaona mila nzuri kama hii, mama kumlisha mpanda farasi kabla ya mbio. Mtukufu alipoona mfalme anapiga makofi, akapiga. Waziri alipoona Mtukufu anapiga, akapiga kwa nguvu zaidi, akatangaza kuwa hiyo ndiyo Sherehe ya Kulisha, iliyopangwa muda mrefu na wizara yake. Daktari akafunga mkoba.

Jua likaanza kuteremka. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuka kamba na vyungu vyao, wanapitisha mabakuli kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye sahani: uji, mchuzi, ndizi za kupondwa. Mshale ulikuwa umefika mwisho wa tarakimu na kuegemea pale. Mwisho Mtukufu akasema amechoka na anamtaka farasi wake arudi kivulini, na hilo Waziri hakuweza kulisogeza. Akasoma uzito. Akatangaza kwamba Chausiku binti fulani amesaliti wepesi wa taifa, na amefutwa katika mbio, maisha yake yote.

Mama akapiga kigelegele kimoja, kirefu, sauti ikakatikia kwenye kilio.

"Mama," alisema Chausiku, amelala juu ya shingo ya farasi, makombo mdomoni. "Basi. Nimeshiba."

"Sijasema basi mimi," alijibu mama yake, akambeba mgongoni, akamfunga kanga kama alivyomfunga alipokuwa mchanga, wakaenda nyumbani.

* * *

Redio ilisema sherehe zilifana. Mbio zimesogezwa, zawadi imeongezwa. Fahari hajambo, anakula vizuri.

Asubuhi moja Mama Chausiku alikuwa jikoni, binti yake amekaa kwenye kigoda anakuna nazi, anakula nusu ya anayoikuna, mama akasikia muziki mtaani. Ngoma na tarumbeta, muziki mzuri kweli, unaita. Akachungulia. Gari la wizara lilikuwa linakuja polepole, limepakia ile mizani nyuma. Ubavu wake umepakwa rangi mpya, yale maandishi meupe hayapo. Lilikuwa linasimama kila mlango. Mbele ya nyumba ya Bi Tausi, Mkasi alikuwa amesimama tayari, kavishwa gauni la sikukuu, mama yake anamvuta tumbo kwa ndani kwa viganja viwili.

"Vuta pumzi mwanangu. Usiiachie mpaka wapite. Zawadi imefika ubao wa nne!"

Mama Chausiku aliangusha mwiko, akakamata sahani ya vitumbua, vya moto, vinamchoma, akatoka mbio bila kanga ya juu, akilipita lile gari, akiita jina la mtoto wa mwenzie.

Basi nyie wenye watoto. Gari lile halipigi hodi, linapiga muziki. Likiingia mtaani kwenu, msitoke kuuliza zawadi imefika ngapi. Muulizeni mtoto amekula nini.